Je, Wajua Kwamba Gimbi ni Shina?

Mtu ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Masoko, akaiacha nyuma baridi ya mashamba ya chai na kuingia katika fukuto la nchi ya chini, huona mbele yake migomba juu ya migomba, na chini ya migomba hiyo, mahali penye kivuli na unyevu, majani mapana ya magimbi yaliyoinamisha nyuso zao kuelekea ardhini. Na akifika kandokando ya ziwa lile la duara ambalo wenyeji huliita Kisiba, ziwa lililochimbwa na mripuko wa volkano katika zama za kale, si mbali na jengo lililoachwa na Wadachi, hakosi kuyakuta magimbi hayo hayo yameng'olewa, yameoshwa, yamepangwa mafungu mafungu yakingoja mnunuzi. Akiuliza ni sehemu gani ya mmea anayouziwa, aghalabu atajibiwa kuwa ni mzizi, kwani limetoka udongoni, na kila kitokacho udongoni, katika dhana ya watu wengi, ni mzizi. Hata maofisa wa kilimo na waandishi wa mapishi huyatia magimbi, viazi mviringo, mihogo na viazi vitamu katika kapu moja, wakaliita kapu hilo mazao ya mizizi. Hakika ya mambo si hivyo. Gimbi ni shina, na kiazi mviringo ni shina. Na mtu akishalijua hilo huanza kuliona shamba lake kwa jicho jingine.

Ili tulithibitishe neno hili, sharti kwanza tukubaliane shina ni nini. Wengi hudhani ya kuwa shina ni kile kisimamacho wima juu ya ardhi, ilhali kusimama wima ni mwenendo tu, wala mwenendo hauondoi nasaba. Alama ya shina ni mpango wa mwili wake: lina mafundo, na baina ya fundo na fundo pana pingili, na penye kila fundo palimea jani au mfano wa jani, na kwapani mwa jani hilo hulala chipukizi likingoja siku yake. Mzizi hauna hata kimoja katika hivyo. Ugeuze muhogo utakavyougeuza, hutaona fundo, hutaona kwapa, hutaona jicho; ndiyo maana hakuna mkulima apandaye muhogo wenyewe, bali hukata pingili za mti wake akazifukia, na kiazi kitamu kadhalika hukipanda kwa marando. Muhogo twapanda shina tukala mzizi. Gimbi na kiazi mviringo twapanda shina tukala shina. Mkulima wa wilaya hii ya Rungwe alikuwa akiitenda elimu hii kwa mikono yake kabla ya mwalimu yeyote wa mimea kumfikia.

Ushahidi ulio mwepesi kuliko wote umo katika kiazi mviringo, kile ambacho watu wa Unguja hukiita mbatata, nacho hakistawi Masoko bali huko juu, Isongole na Kiwira na kwingineko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia mita 3,000. Chukua kiazi kimoja ukitazame kwa makini. Upande mmoja kina kitovu, pale kilipokuwa kimeungana na mama yake. Upande wa pili macho yamesongamana. Choma kijiti chembamba katika kila jicho, kisha funga uzi ukaupitishe kutoka kijiti hadi kijiti, kuanzia penye msongamano hadi kitovuni, nawe utaona uzi umezunguka kiazi kwa mzunguko ule ule unaofuatwa na majani katika tawi lililo juu ya ardhi. Tena juu ya kila jicho pana mstari mdogo uliopinda kama nyusi. Huo ndio alama ya jani dogo mno lililokuwapo hapo likanyauka, na jicho lenyewe ni chipukizi lililokuwa kwapani mwake. Waliokiita kitu hiki jicho hawakukosea, kwani siku zake zikitimia hufumbuka.

Tawi hili huzaliwaje gizani? Kutoka sehemu ya chini ya mmea hutoka kijitawi chembamba ambacho, badala ya kuifuata nuru, hutambaa chini ya udongo. Majani yakisha kutengeneza sukari kwa nguvu za jua, na usiku ukiwa wa baridi, ziada ya sukari hiyo hushuka hadi ncha ya kijitawi, nayo ncha huacha kurefuka ikaanza kuvimba, sukari ikigeuzwa wanga na kuwekwa akiba. Joto la usiku likizidi, mmea hurefusha majani yake ukasahau kujaza ghala. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwa wilaya moja igawanyike vyakula viwili, kwani Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lile la Masoko liko mita zipatazo 840 tu. Wala shina hili halisahau asili yake. Kiache kiazi juani siku kadhaa, nacho kitageuka kijani kama tawi lolote liliotalo nuruni, na pamoja na kijani hicho huzidi ndani yake sumu iitwayo solanini, yenye uchungu, isiyoondoka kwa kuchemshwa. Kiazi kilichogeuka kijani kisiliwe. Na mwenye kuuza viazi barabarani, akiwapenda wateja wake, atavifunika.

Basi turudi kwa gimbi, ambalo ndilo sultani wa nchi hii ya chini. Ukilitazama kabla ya kulimenya utaona limezungukwa na duara baada ya duara kama pete; kila pete ni kovu la jani lililokuwa limeshika hapo likaanguka, na katikati ya pete utayaona macho. Kwa hiyo gimbi ni shina fupi nene lililojaa wanga, ambalo pingili zake zimekaribiana hata zinagusana. Nyumba zake zilikuwa nchi za kusini-mashariki ya Asia, na kutoka huko lilisafiri zama nyingi mno zilizopita, hata likaenea visiwani, Misri, na bara ya Afrika. Unguja huitwa jimbi, na katika mwezi wa Ramadhani hupikwa kwa tui la nazi likawa pambo la futari. Bara tunasema gimbi, nalo huliwa limechemshwa, kwa chai, asubuhi ya mvua. Na mvua ya Rungwe si ya kubahatisha, maana katika sehemu nyingi za wilaya hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, ikinyesha juu ya udongo mweusi uliotokana na majivu ya volkano. Mmea upendao maji kama huu ungekwenda wapi tena?

Hata hivyo gimbi lina silaha. Ndani ya nyama yake, na katika majani yake pia, zimo sindano ndogo zisizoonekana kwa macho matupu, zilizofungwa vicha vicha, nazo ni fuwele za chumvichumvi iitwayo oksaleti ya kalsiamu. Atakayethubutu kulitafuna bichi, sindano hizo zitamchoma ulimi na koo, naye atawashwa mpaka ajute. Hii si kasoro ya mmea. Ni ulinzi wa ghala dhidi ya panya, nguruwe na wadudu, kwani mmea uliokusanya akiba yote hiyo mahali pamoja bila mlinzi usingedumu. Moto wa taratibu na wa muda mrefu ndio uondoao mwasho huo, na mpishi wa Kinyakyusa hahitaji saa kumwambia wakati umewadia. Namwonea huruma mgeni wa mjini anayeliteremsha mapema, kisha akalaumu gimbi.

Ama kuhusu mgomba, hapo maumbile yametudanganya kwa namna ya kinyume. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alipita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa akaistaajabia nchi ya Wanyakyusa na migomba yake. Lakini kile alichokiona kimesimama kama nguzo si shina hata kidogo. Kikate kwa panga uone: ni tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, nazo ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina la kweli limekaa chini, ni bonge zito lililofukiwa udongoni, na katika macho yake ndimo watokamo wana wa mgomba. Siku ya kuzaa ikifika, shina hilo huinuka, likapenya katikati ya majani yaliyokumbatiana, likatokea juu na kuinamisha mkungu. Ndiyo maana mgomba huzaa mara moja tu ukafa: shina likisha kutoka hadharani limemaliza safari yake. Wahenga waliosema mgomba changaraweni haupandwi ukamea walijua ya kuwa bonge hilo lataka udongo wa kina, na Mwenyezi Mungu ameijalia Rungwe udongo huo.

Masoko watu hula tunda la mgomba, wakapika mbalaga, na gogo wakawakatia ng'ombe. Lakini Burma moyo mlaini wa gogo hutiwa katika mchuzi wa samaki, na Uhabeshi kuna ndugu ya mgomba aitwaye enseti, asiye na tunda la kuliwa, ambaye mamilioni ya watu huishi kwa bonge lake na kwa wanga ukwanguliwao katika gogo lake, wakauchachusha shimoni miezi mingi na kuoka mkate. Enseti huyo huota mwitu katika milima hii hii ya kusini yetu, na wengi humpita pasipo kumjua.

Mashina mengine yanayotulisha nitayataja kwa haraka, kwani yanajulikana. Muwa ni shina lisilojificha, na mafundo na pingili nilizozitaja tangu mwanzo huonekana wazi juu yake. Utamu wake huzidi upande wa chini, na watoto hulijua hilo. Tangawizi, ambayo hulimwa katika milima ya Same, ni shina litambaalo chini ya udongo, na manjano kadhalika. Mdalasini ni gamba la ndani la shina. Na Iringa na Njombe, wakati wa masika, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, maji yake yakadondokea ndani ya chombo kiitwacho mbeta, yakiwa matamu siku ya kwanza na makali baadaye. Huo ndio ulanzi, maji ya shina changa lililokuwa likikimbilia juu.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mbegu hutokana na baba na mama, na mtoto wa mbegu ni kiumbe kipya. Lakini anayepanda shina hapandi mtoto, anapanda kiumbe yule yule. Gimbi alipandalo bibi wa Masoko leo ni kipande cha gimbi alilopewa na mama mkwe wake, nalo ni kipande cha lile lililotoka kwa waliomtangulia, na kamba hiyo haikukatika mahali popote. Kwa hiyo tunapolila twala mwili ule ule walioula wazee tusiowajua majina. Neema hiyo ina hatari yake. Viumbe waliolingana katika kila kitu hulingana hata katika udhaifu, na ugonjwa ukimweza mmoja umewaweza wote. Huko Ireland maskini walikuwa wametegemea zaidi aina moja ya kiazi. Kuanzia mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa bakajani, viazi vikaoza mashambani na maghalani, na watu takriban milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Bakajani hiyo hiyo, waiitayo bakajani chelewa, huvamia mashamba ya nyanda zetu kila mvua zinapozidi, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole wamefanya kazi kubwa ya kutafuta aina za viazi zenye kustahimili.

Kinga iliyo mikononi mwa kila mkulima ni wingi wa aina, nayo ndiyo naiona ikipotea. Njombe na Songea kuna numbu, vijishina vyenye umbo la vidole, mmea wa Afrika yenyewe usioletwa na jahazi wala misioni, na vijana wengi wa leo hawajapata kuuonja. Magimbi nayo yana aina nyingi, ya vikonyo vyeupe na vya zambarau, yawashayo kidogo na yawashayo sana, na soko likitaka aina moja tu, nyingine huachwa zikafa kimyakimya, wala haziwezi kufufuliwa, kwa sababu hazina mbegu iliyowekwa mahali.

Basi, msomaji mpenzi, kama una shamba, au hata kipande cha ardhi penye majimaji nyuma ya nyumba, nakuomba: utakapong'oa gimbi la aina usiyoiona kwa jirani yako, kata kichwa chake kimo cha vidole viwili pamoja na vikonyo vilivyofupishwa, ukifukie kabla udongo haujakauka, na kingine mpe jirani. Sehemu iliyobaki ni halali yako. Ichemshe mpaka iive kabisa.