Mgeni wa Kisumu Apakuliwe Samaki Gani?

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 nilijiwa na mgeni. Ami yangu, mzee aliyevua samaki Mombasa kwa muda upatao miaka arubaini, hakuwa amepata kulitia machoni Ziwa Viktoria tangu azaliwe, nami nimefundisha katika pande hizi miaka mingi kiasi cha kuona haya kwa kutomwalika mapema. Alikuja kwa garimoshi la ile reli ya kale, lililorejea kubeba abiria kati ya Nairobi na Kisumu mnamo Desemba 2021, akiwa na makopo mawili ya halua na chupa ya achari ya maembe mkobani. Kabla hata hatujamaliza kujuliana hali alinieleza haja yake. Alitaka kuiona bahari isiyo na chumvi, na kumla samaki wake.

Nilimwambia kwamba haja hiyo ya pili imo ndani ya jina la mji. Wenyeji wengi husimulia kuwa jina Kisumu limetokana na neno la Kijaluo, suma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine kwa njia ya kubadilishana, hasa mwaka wa njaa. Hapa ndipo watu wa nafaka na watu wa samaki walipokutana. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, wakubwa wa wakati huo waliupachika mji jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia ulazaji wa reli yenyewe. Ami aliuliza huyo Bwana Florence alikuwa mvuvi wa wapi. Nilipomweleza kuwa ni bibi, wala hakuwa mvuvi, alisema basi si ajabu jina lake halikudumu.

Siku ya kwanza tulizunguka mjini kwa miguu. Katika barabara ya Oginga Odinga tuliupita mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, mmoja wa wafanyabiashara wa Kihindi waliotangulia kufika Afrika Mashariki. Tuliswali adhuhuri katika msikiti wa Jamia, kisha tukaingia duka la vitamutamu. Wahindi waliokuja na reli, na waliofuata nyuma yao, waliacha katika mji huu ladha ambazo mtu wa Mombasa hazimpi ugeni hata kidogo: jalebi, ladu, barfi, bajia na chevda ya pilipili. Ami aliivunja jalebi moja, akaitazama shira yake ikichuruzika, akatoa hukumu kwamba mpishi ameharakisha moto. Hata hivyo alikula nne.

Kilichomshangaza hasa ni sukari nguru aliyoikuta katika soko la Kibuye, yale mabonge ya rangi ya udongo yaliyopangwa kama matofali. Pwani tunaijua na jina lake tunalijua. Neno lenyewe lina nasaba ya Kihindi, gur. Lakini Ami hakuwa ameiona kwa wingi ule. Nikamweleza kuwa mashariki ya mji, kuanzia Kibos kupitia Miwani na Chemelil hadi Muhoroni, ardhi yote ile ilikuwa nchi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani, cha kwanza nchini, kilianzishwa mwaka 1922. Jina hilo, msomaji, halihusiani na macho. Ni miwa, na mahali palipo na miwa, kwa kiambishi kile kile cha mahali tunachokitumia tukisema nyumbani au shambani. Mgonjwa wa isimu kama mimi hupata raha yake hata katika kibao cha kituo cha reli. Ami alinunua mabonge mawili, na muuzaji akamtazama kwa shaka kidogo, kwa kuwa wanunuzi wengi wa sukari nguru huipeleka kwenye mitungi ya chang'aa. Mzee mwenye kofia ya vito na ndevu nyeupe hakufanana na mteja wa aina hiyo.

Jioni ya siku hiyo ndipo nilipofedheheka. Nilitaka kumkirimu mzee wangu kwa heshima, kwa hivyo nikampeleka katika hoteli nzuri yenye vitambaa vyeupe mezani, ambayo jina lake sitalitaja. Orodha ya vyakula iliahidi ngege wa ziwani, na bei yake ingetosha kulisha watu wanne sokoni. Sahani ikaletwa, samaki mzima aliyekaangwa, nyanya na vitunguu juu yake, ndimu kando. Ami alisema bismillahi, akabonyeza ubavu wa samaki kwa kidole gumba, akautazama uchane wa nyama, akalamba kidogo.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "nswi huyu hakutoka majini. Ametoka barafuni, tena zamani."

Nikamwita mhudumu. Kijana yule alijaribu kwanza kutabasamu, kisha akaniinamia na kunong'ona kwamba samaki huletwa kwa katoni. Katoni kutoka wapi? China, akasema. Ami alimla samaki wake wote, maana katika nyumba tuliyolelewa chakula hakitupwi, lakini mimi niliketi pale nikilitazama ziwa kupitia dirisha, nikijiuliza nitamweleza nini mtu aliyesafiri kutoka bahari moja hadi nyingine ili aandaliwe samaki wa bwawa la China.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na mama anayeuza samaki wa China sokoni akisema waziwazi kuwa ni wa China, wala na mnunuzi anayemchukua kwa sababu bei yake yamwezekania. Mjadala wa samaki hao ulipamba moto nchini mwaka 2018, na wachumi wameusemea vya kutosha. Langu ni la jina. Jina ngege lina historia inayosikitisha, na hoteli ile iliongeza tu ukurasa wa mwisho.

Ngege wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa hili. Nyavu za kiwandani zilizoingia mwanzoni mwa karne ya 20 zilimpunguza sana. Katika miaka ya 1950 likapandikizwa ziwani aina nyingine za jamii yake, akiwemo yule ambaye Wajaluo humwita nyamami na wataalamu Oreochromis niloticus. Wakati huo huo akaletwa mbuta, yule mla wenzake ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametamalaki. Mamia ya aina za fulu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku cha maskini, walitoweka au kukaribia kutoweka. Ngege wa asili naye akatoweka katika ziwa kubwa. Nyamami akashika nafasi yake katika nyavu, katika kikaango, na hatimaye katika lugha, akaanza kuitwa ngege. Kwa hivyo mtu anayeagiza ngege leo hupewa mrithi wa jina, na akiwa na bahati mbaya kama yangu, hupewa binamu wa mrithi huyo aliyezaliwa upande wa pili wa dunia.

Mbuta naye ana kisa chake, na kimo katika Kiswahili fasaha kabisa. Viwanda vilipoanza kumchuna minofu na kuipeleka Ulaya, Uhispania ikiwamo, kilichobaki nyuma ni kichwa na mifupa. Wanawake wa mtaa wa Obunga waliinunua mifupa hiyo, wakaikaanga kwa mafuta na kuiuza, na watu wakaipa jina la mgongo wazi. Sijui mshairi ambaye angeipa jina bora zaidi. Mnamo mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipowazuia samaki wa ziwa hili kwa kushuku sumu, minofu ilikosa soko na wavuvi wakaumia vibaya. Nimekula mgongo wazi mara nyingi, na ule uliokaangwa vizuri, ukakolea chumvi, una utamu wake karibu na uti. Lakini sisahau kwamba tunamung'unya kilichobakizwa na meza nyingine.

Zamani ningemkimbiza Ami hadi Lwang'ni. Vibanda vile vya ukingoni mwa ziwa, karibu na reli, ndivyo vilivyokuwa jamvi la kila mgeni wa Kisumu. Lwang'ni kwa Kijaluo ni nzi, na kwa hakika nzi hawakukosa, lakini samaki alikuwa mbele yako akipaliwa magamba na ulimchagua wewe mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 vibanda hivyo vilibomolewa ili kuikomboa ardhi ya reli. Usafi ulipatikana. Wapishi wakatawanyika.

Basi kesho yake alfajiri tulikwenda Dunga. Hapo roho ya mzee ilitulia. Mashua za omena zilikuwa zinarudi na taa zao zilizozimwa, na usiku uliotangulia alikuwa ameziona kwa mbali akadhani ni mji mwingine ng'ambo ya pili. Tulitembea juu ya daraja la mbao katikati ya mafunjo, ndege wakilia wasionekane, gugumaji likielea kama bustani iliyokatika kamba. Aliyachovya maji, akayaonja, akacheka peke yake. Kisha akaketi na wavuvi, na japo hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, walizungumza kwa Kiswahili na kwa mikono juu ya nyavu, upepo na serikali kwa muda wa saa nzima.

Mama mmoja pale alituchagulia samaki wawili waliokuwa bado wakitweta. Hakuwakaanga. Aliwachemsha kwa nyanya, kitunguu na chumvi tu, mchuzi mwepesi, akatupa kuon, yaani ugali, wa mtama uliochanganywa na muhogo, pamoja na mnavu na mgagani zilizopikwa kwa maziwa kwa muda wa siku mbili hadi uchungu ukalainika. Mgeni wa mara ya kwanza huukunjia uso uchungu huo. Afadhali avumilie, maana tonge la tatu ndilo linalofunza. Ami alifunua kopo la halua, mama akaonja, akauliza ni ngozi ya nini iliyochemshwa hivyo. Halua yenyewe ilipokelewa kwa adabu zaidi kuliko mapenzi.

Siku ya tatu tuliondoka mjini kwa njia ya Bondo. Tulisimama Kit Mikayi huko Seme, yale majabali makubwa yaliyobebana, jina lake likiwa jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja aliyapenda mno hata akawa anashinda humo kutwa, na mkewe akilazimika kumpelekea chakula. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kwamba yuko kwa mke wake wa kwanza. Hatukukawia. Nilikuwa na haraka ya kufika Kanyaboli.

Kanyaboli ni ziwa dogo katika kinamasi cha Yala, Kaunti ya Siaya. Mbuta hakulitawala, na kwa hivyo ngege wa asili angali anaishi humo. Mvuvi mmoja alituuzia sita, wadogo kuliko kiganja, na mkewe akatupikia. Tukalipa samaki, lakini ugali alikataa katakata kuulipisha. Nilikuwa nimelifundisha neno ngege darasani kwa miaka kadhaa kama mfano wa jina linalohamishwa kutoka kitu hadi kitu. Sikuwa nimewahi kumla mwenye jina. Nyama yake ni laini, tamu, miba mingi. Ami alikula kimya akipanga miba ukingoni mwa sahani, kisha akaniambia kwamba kwao mtu akikuuzia tafi akakwambia ni changu, hurudi kwake asubuhi na mashahidi.

Ninachokiomba kwa wenye hoteli wa Kisumu ni kidogo sana. Katika orodha ya vyakula, kando ya bei, waandike samaki huyu ni nani na ametoka wapi: nyamami wa Dunga, nyamami wa vizimba vya ziwani, nyamami wa China. Mgeni atachagua, na wapo watakaomchagua wa China kwa sababu ya bei. Wenye hoteli watajibu kwamba mtalii hajali, hutaka tu samaki mzima mwenye macho na picha ya machweo. Sikubali. Na hata kama ni kweli, watu wa ziwa hili wanayo Simbi Nyaima, lile ziwa la kijani lililo karibu na Kendu Bay. Husimuliwa kuwa palikuwa kijiji chenye sherehe, akaja bibi kizee mgeni, wakamnyima chakula na malazi, isipokuwa mwanamke mmoja tu. Usiku mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Wataalamu wa miamba husema ni shimo la volkano, na ni kweli. Lakini jamii iliyobuni kisa kama hicho haihitaji kufundishwa na mimi heshima ya mgeni mezani.

Ami alirudi Mombasa na mabonge yake ya sukari nguru na furushi la obambla, samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani, wa yule mama wa Dunga. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Obambla ilikuwa imesifiwa mtaa mzima, na majirani walikuwa wakiuliza nswi huyo jinale nani. Nilifungua kinywa nimwambie ngege, nikasita. Nikamwomba asubiri, nikampigia mama.

"Mwambie mzee ni nyamami," akasema, "na ajue alivuliwa hapa hapa."