Gita Yako Ikigeuzwa MIDI Inachelewa? Usikimbilie Kubuy Lapi Ingine

Wasee wa gita wameanza kujua siri moja: si lazima ubuy kibodi ndio upate piano, violini, tarumbeta ama ile besi nzito ya sinthi kwa ngoma yako. Unachomeka gita kwa lapi, programu inaskiza venye unapiga, inageuza kila noti iwe MIDI, halafu hiyo MIDI inaambia ala yoyote iko ndani ya kompyuta icheze. Kwa karatasi, imeweza. Kwa masikio ni story ingine. Unagonga uzi saa hii, piano inaitika baadaye, ka mtu unabonga naye kwa simu na netiweki ni mbaya. Ukiwa solo kwa keja hiyo ni kero tu. Ukiwa na mtu wa dramu na mtu wa besi, ama Jumapili kanisani na kwaya iko nyuma yako, hapo itakuchoma mbele ya watu.

Huko kuchelewa ndio kunaitwa letensi. Ukiuliza mtaani utapewa majibu mawili: punguza bafa, ama tafuta lapi ya nguvu. Jibu la kwanza liko sawa lakini ni nusu. La pili linaweza kukumalizia doo bure, juu sehemu kubwa ya hiyo letensi haiko kwa lapi. Iko kwa uzi wa gita.

Tuanze na MIDI yenyewe, ndio tuwache kuilaumu. MIDI si sauti. Ni ujumbe mfupi: noti gani imegongwa, kwa nguvu gani, na imeachiliwa saa ngapi. Ilitoka 1983, na watu wa sinthi kama Sequential na Roland ndio walikuwa mbele, so ilitengenezwa na kibodi akilini. Kwa kibodi kila kidude ni swichi. Ukibonyeza C, kompyuta haihitaji kukisia kitu, imeambiwa ni C. Hata kwa kebo ya MIDI ya kitambo, yenye inabeba biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe wa noti moja unafika kwa karibu milisekunde 1. Milisekunde ni sekunde ukiikata mara 1,000. Hakuna sikio linaskia hiyo.

Gita haina swichi. Iko na nyuzi sita zinatetemeka, na programu lazima iskize huo mtetemo ijue ni noti gani. Na hapo ndio kuna ngori.

Chukua uzi mnene wa E, bila kushika freti. Unatetemeka karibu mara 82 kwa sekunde, maanake mtetemo mmoja mzima unachukua milisekunde 12. Noti inafuata, F, inatetemeka mara 87. Programu haiwezi kutofautisha hizo mbili kabla ione angalau mzunguko mmoja mzima, na ikitaka kuwa na uhakika itangoja wa pili. Ongeza kwamba mwanzo wa noti ni kelele tu ya piki ikikwaruza uzi. Ni ka kujua mat inaenda wapi ikiwa bado kwa raundabauti: lazima ungoje ipinde kwanza. So kabla lapi yako ifanye kazi yoyote, milisekunde 12 zimeenda, pengine 24. Hata ukiwa na kompyuta ya bei ya gari.

Sasa cheki uzi mwembamba wa E. Huo unatetemeka karibu mara 330, so mzunguko mmoja ni milisekunde 3. Gita ile ile, lapi ile ile, na moja imengoja mara nne ya ingine. Kwa gita la besi ni kubaya zaidi: uzi wake wa E ni mtetemo 41, milisekunde 24 za mzunguko mmoja peke yake.

Na sikio linavumilia kiasi gani? Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde, so kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Ukisimama mita tatu kutoka kwa ampu yako, tayari uko na letensi ya milisekunde 9 na hujawahi lalamika. Hapo juu ya 10 wengi wanaanza kuskia kitu si fiti. Ikipita 20 vidole vinaanza kuvuta vikingoja sauti. Ikipita 30, ridhim ya kukata kata sahau.

Panda juu, shusha baadaye

Hii ndio triki naona ingefaa kuwa ya kwanza, na haikugharimu hata bob. Piga juu kwa gita, halafu ambia programu ishushe noti. Kila sinthi na kila programu ya kurekodi iko na mahali pa kutransposi. Oktavu moja chini ni minasi 12, mbili ni minasi 24.

Mfano wa besi ya sinthi. Unataka A ya chini, ile ya mtetemo 55. Ukichukua gita la besi upige uzi wa A, mzunguko mmoja ni milisekunde 18. Ukichukua gita ya kawaida, ushike freti ya pili kwa uzi wa G, hiyo ni A ya mtetemo 220, mzunguko ni milisekunde 4.5. Shusha minasi 24, inatoka A ile ile ya chini. Msikilizaji haskii tofauti ya noti. Anaskia tu besi imekaa kwa biti.

Hapa wasee wa benga mko na bahati. Ile solo ya benga, ya akina D.O. Misiani na Shirati Jazz, inaishi huko juu kwa shingo ya gita, noti moja moja, kali na fupi. Hivyo ndivyo programu inapenda kulishwa. Omutibo ya George Mukabi ni mtihani mwingine: kidole gumba kinashika besi huku vingine vinacheza melodi, so programu inapata noti nene na noti nyembamba zimechanganyika, na za besi ndizo zinajikokota. Inawezekana, lakini jipange. Kuna watu hutumia gita kwa melodi pekee na besi wanairekodi kando.

Kitu ingine ni venye unagonga. Noti safi inatambuliwa haraka. Nyuzi zimezeeka, piki inakwaruza, nyuzi zenye hupigi zinalia nyuma, hizo zote zinapea programu kazi ya ziada. Zima distoshen na rivabu kabla ya programu ya kugeuza, utaweka baadaye kwa sauti ya sinthi ukitaka. Jaribu pikapu ya karibu na shingo, juu inatoa noti nene na kelele kidogo. Na kwa intafesi yako kuna kibonyezo cha ala, mara nyingi kimeandikwa Inst. Kibonyeze. Gita ikichomekwa mahali pa maiki inakuja nyembamba na hafifu, halafu unashangaa mbona noti zingine hazishikwi.

Sasa tuingie kwa bafa

Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo, halafu inabeba. Hiyo ndoo ndio bafa. Ukiweka ndoo kubwa lapi inatulia, lakini unangoja ijae. Ukiweka ndogo unangoja kidogo, lakini lapi inakimbia safari mob, ikichoka sauti inaanza kukatika tik tik tik.

Ukirekodi kwa 44,100, yaani sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 23. Ya 512 ni karibu 12. Ya 256 ni karibu 6. Ya 128 ni karibu 3, na ya 64 ni moja na nusu. Na kumbuka inalipwa mara mbili: sauti ikiingia na sauti ikitoka. So ukiwa kwa 512, ni milisekunde 23 za ndoo peke yake, kabla ya hesabu ya uzi. Shuka mpaka 128 ama 64. Kuenda 32 si vita ya kupigana sana, unaokoa milisekunde moja na kitu na lapi inaanza kukohoa, na bado ule uzi wa E unakungoja na 12 zake.

Kuna wenye huongeza sampuli kuwa 96,000. Bafa ile ile ya 128 inakuwa nusu ya muda, ni kweli, lakini lapi inafanya kazi mara mbili. Lapi ya nguvu, jaribu. Ile ya ex-UK ya miaka nane, wacha.

Draiva ni muhimu kuliko hii yote. Kwa Windows, sauti ya kawaida inapitia kona kona za Windows zenyewe kabla ifike. ASIO, yenye ilitengenezwa na Steinberg, inakata hizo kona. Intafesi ikikuja na draiva yake ya ASIO, tumia hiyo. Kama huna intafesi kabisa, ASIO4ALL ni ya bure na inasaidia, lakini usitarajie miujiza kutoka kwa shimo la maiki la lapi. Ukienda Luthuli kutafuta intafesi, swali la kuuliza kabla ya kutoa doo si rangi wala idadi ya mashimo. Uliza: iko na draiva yake ya ASIO? Wa Mac hamna hii shida, Core Audio iko ndani tayari, na ni hivyo hivyo kwa iPhone na iPad. Kwa Android kila simu na njia yake ya sauti, na nyingi zitakuangusha.

Kama bafa iko chini na bado sauti inakatika, zima Wi-Fi, chomeka chaja, toa lapi kwa hali ya kuokoa betri, funga zile tabu 30 za brauza. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa LatencyMon, inakuonyesha ni draiva gani inashika kompyuta mateka. Halafu angalia kwa masta ya projekti yako. Limita zingine na EQ za lineafezi huwa zinachungulia mbele, na ili kuchungulia mbele lazima zicheleweshe kila kitu. Zizime ukipiga, washa wakati wa kumiksi.

Na tafadhali, hakuna hedifoni za Bluetooth. Hizo zinaweza ongeza milisekunde 100 na zaidi. Unaweza seti kila kitu fiti halafu uharibiwe na hedifoni.

Programu ama pikapu spesheli?

MIDI Guitar ya Jam Origin inatumia pikapu yako ya kawaida na inashika hadi kodi. Iko na demo ya bure, so hakuna haja ya kuibuy ukiwa gizani. Njia ingine ni pikapu yenye inaskiza kila uzi kivyake, ka GK ya Roland ama TriplePlay ya Fishman. Faida yake ni kodi: programu haihitaji kutenganisha nyuzi sita zimeshikana, kila moja imekuja na mlango wake, so inakosea kidogo. Lakini mtu asikudanganye ati pikapu inafuta ile hesabu ya uzi. E mnene bado ni mtetemo 82. Programu zingine zinapunguza hiyo ngoja kwa kukisia mapema, na bei yake ni noti za uongo na oktavu zimeruka. Ukipata mahali pa kuseti kati ya haraka na uhakika, seti haraka kwa solo na uhakika kwa kodi.

Kwa steji kuna ujanja mwingine, na huu unadanganya sikio mchana kweupe. Usizime sauti ya gita. Iache itoke moja kwa moja kutoka kwa intafesi bila kupitia lapi, halafu sinthi ikuje chini yake. Sikio linashika ule mgongo wa kwanza wa gita kama mwanzo wa noti, na sinthi ikifika milisekunde 20 baadaye inaskika ka mkia wake. Chagua pia sauti kwa akili. Violini na pedi zinaingia polepole, letensi inajificha ndani. Piano na marimba zinaanua kila kitu.

Ukitaka kujua uko wapi haswa, weka simu katikati ya gita na spika, irekodi ukigonga noti moja kwa nguvu. Peleka hiyo rekodi kwa Audacity, ni ya bure, vuta karibu. Utaona mgongo wa piki, nafasi, halafu sinthi. Hiyo nafasi ndio letensi yako yote. Pima uzi mnene, pima uzi mwembamba, andika namba zote mbili.

Kama ni kurekodi tu na hupigi laivu, vita vimepungua. Rekodi gita kama sauti, ugeuze baadaye. Basic Pitch ya Spotify, yenye ilitoka 2022, inafanya hiyo kazi bure kwa brauza. Ama rekodi MIDI ukiskiza gita yenyewe bila sinthi, ukimaliza shika noti zote uzivute kushoto kwa zile milisekunde uliandika, na za nyuzi nene uzivute zaidi kuliko za nyembamba.