Picha Iliwaka Kwa Laptop, Ikafika Kwa Simu ya Mteja Imepauka: Hii Ndio Sababu

Umepiga picha Dunga saa kumi na mbili jioni. Jua linazama, ziwa limegeuka chungwa, gugu maji ni ile kijani ya kuumiza macho. Unaenda keja, unaedit mpaka usiku, kwa laptop inawaka moto. Asubuhi unamtumia mteja, anajibu kitu moja tu: "Mbona zimepauka?" Na balance bado iko kwa mfuko wake.

Ilinipata kwa harusi flani. Maids walikuwa na vitenge vya kijani, zikafika kama zimeoshwa na jik. Nililaumu simu ya bibi harusi, nikalaumu WhatsApp. Kumbe makosa ilikuwa yangu.

Iko hivi. Kompyuta haijui kijani. Inajua namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Lakini namba pekee ni kama msee akuambie "niko na mia" hapo Busia. Mia ya Kenya ama ya Uganda? Hapo ndio profaili inaingia: ni ile karatasi ndogo ndani ya faili inasema namba ni za pesa gani.

sRGB ilitoka 1996, kazi ya HP na Microsoft, na ndio pesa ya mtandao mpaka leo. Adobe RGB ikafuata 1998. Hiyo ni pana zaidi, haswa upande wa kijani, ndio maana jezi ya Gor na gugu maji huumia kwanza. Ukituma faili ya Adobe RGB na app ipuuze profaili, inasoma namba kama sRGB. Kijani inazima, ngozi za watu zinakaa za wagonjwa.

Dawa ni kubadilisha mwisho kabisa. Kwa Lightroom, ukiexport, chagua sRGB. Kwa Photoshop tumia Convert to Profile, usiguse Assign Profile. Wasee wengi huchanganya hizi mbili. Convert ni kama kubadilisha pesa: namba zinabadilika ndio thamani ibaki. Assign ni kuchukua mia ya Uganda na kuandika juu "Kenya". Halafu ukisave, acha profaili ndani ya faili.

Kama hupigi RAW, weka kamera sRGB pia, upunguze stress. Na usiedit JPEG, usave, uifungue tena, usave tena. Kila raundi inakula picha. Weka kopi kubwa ya TIFF ama PSD, JPEG itoke mara moja tu.

Zima night mode ukiedit, maze. Ile mwanga ya njano itakufanya uongeze bluu bure. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama document ndio isikamuliwe.

Kuprint ni stori ingine. Uliza duka wanataka profaili gani kabla hujaenda na flash. Na kama ni bango la CMYK, kijani kali ya K'Ogalo haitatoka vile unaiona kwa skrini, juu wino haifiki hapo. Mwambie mteja hiyo mapema, mkiongea deposit.