Chokoleti, mvinyo na kahawa: Namna ya kumkirimu mgeni Pwani

MGENI njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hata hivyo, mwenyeji wa leo katika miji ya Malindi, Watamu na Kilifi ana mtihani ambao babu zake hawakuujua. Mezani pake huweza kuketi kwa wakati mmoja jirani Mwislamu, mkwe kutoka Kaloleni aliyelelewa kwa tembo la mnazi, na rafiki Mwitaliano aliyekuja na chupa ya mvinyo pamoja na boksi la chokoleti.

Swali linalomkabili ni hili: kipi kinywewe na kipi, ili kila mmoja aondoke ameridhika na asiwepo aliyevunjiwa heshima?

Mvinyo na chokoleti si mambo mageni tena katika eneo hili. Waitaliano walianza kupazoea Malindi katika miaka ya sitini, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti huko Ngomeni. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililokuwa baharini mnamo Aprili 26, 1967. Baadaye watalii na wawekezaji wa taifa hilo walifuata, na chakula chao kikapata nafasi katika mikahawa na maduka ya mji.

Pamoja na mvinyo umekuja mtindo wa kufungua shampeni mara tu chokoleti au keki ya chokoleti inapoletwa mezani, hasa kwenye arusi na sikukuu. Mtindo huo hupendeza machoni, lakini ulimini huleta mgogoro.

Kwa nini shampeni huwa kali

Shampeni halisi hutoka katika jimbo la Champagne nchini Ufaransa pekee. Ile inayouzwa kwa wingi huandikwa “brut” kwenye chupa, maana yake ni kwamba ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Mtu akiinywa bila kitu kingine, huhisi utamu mdogo wa tunda nyuma ya uchachu wake.

Akitangulia kutafuna chokoleti, mambo hubadilika. Ulimi uliokwisha kuzoea sukari nyingi hauuoni tena utamu huo mdogo, na kinachobaki ni uchachu mtupu. Aidha, shampeni hunywewa ikiwa baridi, karibu nyuzi nane hadi kumi za Selsiasi, ilhali mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani karibu na joto la mwili wa binadamu. Kinywaji baridi huyagandisha mafuta hayo, na chokoleti ikawa kama nta mdomoni.

Mkazi wa Kilifi anaweza kulielewa jambo hili kwa kulitazama tembo. Mgema hukata ncha ya karara la mnazi na kukinga utomvu wake. Linaposhushwa, tembo huwa tamu na lina mapovu mepesi. Chachu huanza kazi papo hapo, na kadiri saa zinavyopita sukari hupungua na ukali huzidi, mpaka mwishowe tembo hugeuka siki. Hakuna anayetarajia tembo la jana liendane na kitu kitamu. Mvinyo mkavu nao umefika huko: sukari yake karibu yote imekwisha kuliwa na chachu.

Kitamu kwa kitamu zaidi

Kanuni ya kwanza basi ni kwamba kinywaji kiwe na utamu unaolingana na wa kitafunio, au kuuzidi. Mwenyeji asiyetaka kuikosa shampeni achague iliyoandikwa “demi-sec”, ambayo ina gramu 32 hadi 50 za sukari kwa lita, na aiandae pamoja na chokoleti nyeupe au ya maziwa.

Moscato d’Asti kutoka kaskazini mwa Italia hufaa vilevile kwa chokoleti hizo. Una mapovu, ni mtamu, na kileo chake ni kama asilimia tano tu. Mwenye tembo tamu lililoshushwa siku hiyo hiyo anaweza kuliandaa badala yake, hasa kwa chokoleti yenye nazi.

Chokoleti nyeusi huhitaji kinywaji chenye nguvu zaidi. Mvinyo wa Port kutoka Ureno, au Banyuls wa kusini mwa Ufaransa, una sukari ya kutosha kuukabili uchungu wa kakao. Hata hivyo, Port huwa na kileo cha karibu asilimia 20, kwa hivyo hutiwa katika glasi ndogo, na mgeni atakayeendesha gari usiku kwenye barabara ya Malindi kuelekea Mombasa hapaswi kuongezewa.

Mvinyo mwekundu mkavu ndio wa kuepukwa zaidi. Una ukakasi unaofanana na wa ndizi mbichi, na ukikutana na uchungu wa chokoleti nyeusi, kila kimoja hukizidisha kingine. Ikiwa ndio pekee uliopo, korosho za Kilifi zilizokaangwa na kutiwa chumvi zitasaidia, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu ulimini.

Njia ya kahawa

Kuna kanuni ya pili, nayo Waswahili waliijua kabla chokoleti haijafika mwambao. Katika arusi, maulidi na barazani, halua iliyopikwa kwa sukari, wanga, samli na iliki huandamana na kahawa chungu isiyotiwa sukari, inayomiminwa kutoka kwenye dele hadi kwenye vikombe vidogo. Tende na kashata nazo hufuata desturi hiyo.

Kahawa haishindani na halua kwa utamu. Haina utamu wa kupoteza, na uchungu wake ndio unaotakiwa, kwani huusafisha ulimi ili tonge linalofuata lionje kama la kwanza. Moto wake huyeyusha samli badala ya kuigandisha.

Sababu hizo zote hufanya kazi kwa chokoleti pia. Kahawa ya moto yenye iliki au tangawizi huyalainisha mafuta ya kakao na kuitoa harufu yake. Kwa mwenyeji wa Pwani ina faida nyingine kubwa kuliko ladha: huweza kuwekwa mbele ya Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa mila bila yeyote kuona haya.

Heshima ya mgeni

Mwenyeji atahadhari na chokoleti zenyewe. Baadhi hujazwa ramu, konyaki au vileo vingine, na kwa nje hazina tofauti na nyingine. Ni wajibu wake kusoma maandishi ya boksi na kuzitenga katika sahani yake, akiwaeleza wageni waziwazi. Mgeni anayekula kwa kumwamini mwenyeji hana njia nyingine ya kujikinga.

Hali ya hewa nayo huleta adha. Mwezi Machi joto la Malindi huvuka nyuzi 30 mchana, na chokoleti iliyoachwa mezani hulainika na kupoteza umbo. Ihifadhiwe kwenye jokofu ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, itolewe dakika chache kabla ya kuliwa. Utando mweupe unaoonekana juu yake baadaye si ukungu, bali mara nyingi ni mafuta au sukari iliyopanda juu, na haudhuru.

Kwa meza yenye wageni mchanganyiko, utaratibu rahisi ni kuweka dele la kahawa, chokoleti zisizo na kileo, tende na korosho katikati, mahali ambapo kila mkono unafika. Mvinyo mtamu au tembo vitengewe meza ya pembeni kwa wanaokunywa, na glasi zake zisichanganywe na za maji na sharubati.