Mzunguko wa nguo unaishia Karume

Msikilizaji wetu mmoja wa Tabata ameniuliza: kwenye fulana aliyoinunua dukani kulikuwa na kipande cha karatasi kinachosema nguo ile ni ya "mzunguko". Maana yake nini? Swali hilo halijibiki kwa dakika moja, kwa hiyo nimelitengea kipindi kizima.

Wenye makampuni ya mitindo ya Ulaya na Marekani wanasema hivi. Zamani nguo ilikuwa na safari moja tu: shambani, kiwandani, dukani, mwilini, kisha jalalani. Sasa, wanasema, itazunguka. Ikichakaa itakusanywa, itachambuliwa iwe nyuzi, nyuzi zitafumwa kitambaa, na kitambaa kitashonwa nguo mpya. Takataka basi. Huo ndio wanaouita uchumi wa mzunguko, na kwa maneno ni jambo la kupendeza.

Kwa vitendo ni habari nyingine. Ripoti ya taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 2017, ilikadiria kwamba malighafi ya nguo inayorudi kuwa nguo mpya haifiki asilimia 1. Sababu zinajulikana. Nguo ya siku hizi ni mchanganyiko: pamba na poliesta katika uzi mmoja, mpira kiunoni, zipu, vifungo, na maandishi ya plastiki kifuani. Kuvitenganisha ni kazi ghali. Hata pamba tupu, mashine ikiichana, nyuzi zake hukatika zikawa fupi, hazitoi uzi imara mpaka zichanganywe na pamba mpya. Ndiyo maana nguo nyingi zinazochanwa huishia kuwa matambara ya kufutia mashine au kujazwa kwenye magodoro.

Wapo waliojaribu. Huko Sweden kampuni ya Renewcell ilifungua kiwanda mjini Sundsvall mwaka 2022, cha kugeuza nguo kuukuu za pamba kuwa rojo la kutengenezea nyuzi mpya. Februari 2024 ilitangaza kufilisika. Sifa ilizipata nyingi, wanunuzi hawakutosha.

Na ile poliesta wanayosema imetumika tena? Karibu yote inatokana na chupa za plastiki, si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa. Ikishakuwa fulana, imefika mwisho wa safari.

Sasa kama nguo kuukuu hazirudi kiwandani, zinakwenda wapi? Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mtu wa Ulaya au Marekani huitoa nguo yake kwa chama cha hisani au huitia kwenye sanduku la barabarani. Nguo hupangwa kwa madaraja. Zilizo bora huuzwa huko huko, na sehemu kubwa ya zinazobaki hufungwa marobota na kupakiwa melini. Wazee wetu waliziita "kafa Ulaya", jina ambalo vijana wa leo hawalijui. Wao wanajua mitumba.

Nenda Karume asubuhi uone belo likifunguliwa. Lina kilo 45, limebanwa kwa mikanda, na mwenye kibanda amekwisha kulilipia kabla hajaona hata soksi moja iliyomo ndani. Anachojua ni kwamba ni blauzi za kike au suruali za watoto, na daraja lake. Mikanda ikikatwa, ndipo anapojua kama mwezi huu ada ya shule ipo. Nzuri zinatundikwa kwenye hanga. Za kati zinamwagwa kwenye turubai watu wachague. Zilizofumuka zinakwenda kwa fundi cherehani pale pembeni, naye anatia zipu, anapunguza kiuno, anageuza suruali kuwa kaptura. Nyingine zinauzwa gereji kwa kufutia oili. Ukiniuliza mimi, mzunguko wa kweli ni huo, na unafanywa na watu ambao hakuna mtu amewaandikia kikaratasi cha sifa.

Lakini chini ya belo hubaki zenye madoa, zilizochanika, zisizofaa hata gereji. Hasara hiyo ni ya mwenye kibanda. Hana wa kumrudishia. Na taka ni ya jiji, ambalo nalo linahangaika kuzisafirisha taka zake mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Khanga ya pamba huvaliwa, ikachakaa ikawa nepi, halafu dekio, mwisho ikaoza udongoni. Blauzi ya poliesta haiozi hivyo. Ni ndugu wa chupa ya plastiki, na duniani leo poliesta ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa.

Kuna wanaosema dawa ni kuzuia tu. Lilijaribiwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba katika miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara ya nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kupoteza nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Mimi naona kuna njia ambayo tunaizungumzia kidogo mno. Ufaransa tangu mwaka 2007 ina sheria inayomtaka anayeuza nguo mpya kuchangia gharama za kuikusanya na kuishughulikia ikichakaa. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka nchi zote wanachama ziwe na utaratibu wa namna hiyo, na nguo zichambuliwe kabla hazijasafirishwa. Ni vizuri. Ila fedha hiyo hulipwa Ulaya na kutumika Ulaya, na nguo ikishapanda meli, mchango wake hauifuati. Anayeizika ni halmashauri ya hapa. Wajumbe wetu wanapokaa mezani na Umoja wa Ulaya kuzungumzia biashara, waulize senti za belo lile zimebaki bandari gani.