Kompyuta Ikizimika kwa Joto, Isilazimishwe Kuwaka

Katika nyumba nyingi za mjini, kompyuta ya mapajani ni mali ya jamaa nzima: mama huandika taarifa za kazi, baba hupiga hesabu za duka, na watoto hujisomea. Ikizimika ghafla, hasara humfikia kila mmoja.

Kuzimika huko aghalabu si ukorofi wa mashine, bali ni kinga yake. Ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, hutoa joto jingi. Likizidi mno, mashine hujizima isije ikaungua. Kuiwasha tena papo hapo ni kupuuza onyo.

Ndugu msomaji, chunguza kwanza njia ya hewa. Mara nyingi feni huvuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa ubavuni au nyuma. Kompyuta ikilazwa juu ya godoro au mto, matundu huzibika. Yafaa iwekwe mezani, mbali na jua. Vumbi nalo huziba: izime, chomoa waya wa umeme, kisha pangusa matundu kwa brashi laini. Ikiendelea kuzimika, fundi aifungue, asafishe feni na kubadili pesti ipitishayo joto, ambayo hukauka kadiri miaka ipitavyo.

Lakini betri iliyovimba haina mjadala. Acha mara moja kuitumia na kuichaji, wala usiitoboe. Yaweza kulipuka moto.

Tena, kazi zote muhimu ziwekewe nakala mahali pengine mapema. Mashine hununuliwa nyingine. Kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi hainunuliki.