Nani Alitaka?

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mdahalo. Hoja ilisema kwamba mzalendo wa kweli humchukia adui wa nchi yake. Mimi nilikuwa mtetezi wa hoja na, si kujisifu, nilipigiwa makofi mengi. Nilisema kwa sauti, "Waganda walitaka kutunyang'anya nchi yetu mwaka wa 1976!" Darasa likavuma. Lakini mwenzangu wa dawati, ambaye mama yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka, hakupiga makofi. Tulipokuwa tukienda nyumbani jioni aliniuliza, "Nani alitaka? Mama alitaka?" Nilikosa la kusema, ndiyo maana naandika.

Kwanza, habari yenyewe. Mnamo Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi yapata kilomita 32 kutoka Nairobi, zamani ilikuwa ya Uganda. Na jamani, si uongo mtupu. Hadi 1902 Waingereza waliihesabu nchi hii mpaka Naivasha, Busia yetu ikiwemo, kuwa upande wa Uganda. Kumbe mchochezi hahitaji kudanganya sana! Anachukua ukweli mkongwe, anaupaka hasira, basi. Jibu la kutuliza lilikuwepo: mwaka wa 1964 huko Kairo nchi za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Lakini nani hupigia makofi mkataba? Wakenya walikasirika, mikutano ikafanywa, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Aliyesema ni Amin, ila mizigo iliyokwama ilikuwa ya watu wote wa kule.

Sasa linganisha na Tanzania. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na maneno yake wazee wengi wanayajua kwa moyo: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Mimi niliyasikia mara nyingi bila kuyasikiliza. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyeandika neno moja ubaoni, KUMPIGA, akatuuliza kiambishi cha mtendwa ni kipi. Ni -m-. Umoja! Hakusema "kuwapiga". Hata lile jina "nduli" alilobandikwa Amin lilikuwa la mtu mmoja, si la kabila wala nchi.

Msidhani namfanya Nyerere malaika. Ile ilikuwa hotuba ya kwenda vitani, na vita vikapiganwa hadi Kampala ikatekwa Aprili 1979. Watu wengi walikufa. Lakini mtu akikasirika sana, ukimwambia "usikasirike" hakusikii. Mwalimu hakuizima hasira ya watu wake, aliionyesha pa kwenda na akaifungia milango mingine. Ndiyo maana Waganda waliokuwa uhamishoni waliweza kupigana bega kwa bega na Watanzania. Kama adui angekuwa "Waganda", wangesimama wapi?

Na hapa kwetu je? Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi papa hapa Busia. Watu walikufa, mpaka ukafungwa. Kabla ya mwaka kwisha Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba kupatanisha mambo. Hayo ni ya wakubwa. Nyanya yangu ananisimulia ya mtaani. Anasema vijana fulani walianza kuzunguka wakidai ati kila aliyetoka ng'ambo ni jasusi, afukuzwe. Wakafika kwake wakitafuta mke wa jirani. Kukhu hakuwahubiria upendo. Aliendelea kupepeta mtama wake, akawauliza, "Wewe, babako alipokufa, nani alikaa jikoni siku tatu akiwapikia waombolezaji? Na wewe, shangazi yako ameolewa wapi? Tukimfukuza huyu leo, kesho wao wakimfukuza shangazi yako, utampokea kwako?" Mmoja akacheka kwa aibu. Wakaondoka.

Ukichunguza, kukhu alifanya kama Mwalimu bila kusikia hotuba yoyote. Alilikataa lile "wao" kubwa, akataja mtu mmoja mmoja kwa matendo yake. Tena aliuliza badala ya kuamuru, maana kijana hukaidi amri lakini swali hulijibu mwenyewe moyoni. Hapa kwetu ni rahisi kidogo, Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Sijui ningesemaje mahali ambapo hakuna shangazi aliyeolewa ng'ambo. Huko kazi ni ngumu zaidi.

Nimemwonyesha mwenzangu wa dawati makala haya. Amesahihisha vituo viwili, akasema mama yake anataka kuyasoma. Mdahalo utarudiwa muhula ujao, nami nimeomba kuwa upande wa upinzani.